HAKI YA MGONJWA KWA MWENZIWE
Somo juu ya mume na mke wakati matibabu ya saratani yanapoanza

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maradhi na akajaalia dawa. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: katika maradhi yaliyoenea zama hizi ni saratani, ambayo wengi huiita kansa. Kwa wanawake wa Tanzania, saratani ya shingo ya kizazi na saratani ya matiti ndizo zilizotangulia mbele ya nyenginezo. Maradhi haya yanapoingia nyumbani, watu humwuliza daktari khabari za dawa, na huwauliza jamaa khabari za fedha. Wachache ndio wamwendeao mwanachuoni wakamwuliza: Ni ipi haki ya mke aliyeanza kutibiwa juu ya mumewe, na ni ipi haki ya mume juu ya mkewe? Somo hili limekusudiwa kulijibu swali hilo. Limepangwa kwa masala, ili mwalimu apate kulisomesha, na mwenye nyumba apate kuwasomea watu wake.

ASILI YA JAMBO HILI

Katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka wa 2 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipotoka Madina kwenda Badr, Ruqayya binti yake, naye ni mke wa Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), alikuwa mgonjwa. Mtume akamwamrisha Uthman abaki amwuguze, akamwambia kuwa atapata ujira wa mtu aliyehudhuria Badr, na fungu lake katika ngawira. Khabari hii imo katika Sahihi ya Imamu Bukhari.

Ndani yake mna mafunzo matatu. La kwanza, Waislamu siku ile walikuwa mia tatu na kitu tu, na adui alikuwa mara tatu yao. Kila mtu alihitajiwa, na juu ya hayo mtu mmoja aliachwa nyuma kwa ajili ya mke mgonjwa. La pili, kuuguza hakukufanywa kuwa udhuru wa mtu aliyeshindwa na kazi, bali kulihisabiwa kuwa ni kazi yenyewe, ikapewa ujira na fungu. La tatu, Ruqayya hakupona. Wapokezi wa sira wamesema kuwa bishara ya ushindi ilifika Madina hali watu wanasawazisha udongo wa kaburi lake. Wala ujira wa Uthman haukupunguzwa kwa hilo. Basi na ajue kila mwenye kuuguza ya kwamba ujira wake umefungwa na uuguzaji wake, haukufungwa na kupona kwa mgonjwa.

MASALA YA KWANZA: GHARAMA ZA DAWA

Wako waume wasemao: "Vitabu vyetu vya madhehebu ya Shafi vimesema mume halazimiki dawa ya mkewe." Neno hili lina asili yake, wala halifai kukanushwa kwa ujinga. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj kuwa dawa ya maradhi na ujira wa tabibu si katika nafaka impasayo mume, ingawa chakula cha siku za ugonjwa kinamlazimu. Na kabla yake Imamu Shirazi, aliyefariki mwaka wa 476 (1083), alitoa sababu yake: mpangaji wa nyumba hulipa kodi, lakini halazimiki kuujenga ukuta ulioanguka, kadhalika, kuuhifadhi mwili ni juu ya mwenye mwili.

Lakini yafaa mume huyo akumbushwe mambo mawili.

Jambo la kwanza, hukumu ile ni mpaka wa chini, ambao Kadhi hawezi kumlazimisha mume kuuvuka. Haikusema kuwa ni vyema kumwacha mke bila ya dawa. Mwenyezi Mungu amewaamrisha waume, katika Sura ya An-Nisaa aya ya 19, wakae na wake zao kwa wema. Mume mwenye uwezo amwonaye mkewe anadhoofika, naye anashika kitabu mkononi kuuficha mfuko wake, hakukaa kwa wema.

Jambo la pili, wanazuoni wa zama za karibu wameitazama upya sababu ya hukumu ile. Sheikh Wahba Az-Zuhayli wa Sham, aliyefariki mwaka 2015, ameeleza kuwa zamani haja ya matibabu haikuwa katika haja za lazima za kila siku, ama leo haja ya tiba ni kama haja ya chakula, bali imezidi, kwani mgonjwa huitanguliza dawa mbele ya kila kitu. Basi akaona gharama za tiba zimo katika nafaka. Rai hii ina nguvu, na moyo wa muumini hutulia nayo.

Na mume akiwa hana kitu, Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa uwezo wake. Lakini mambo matatu na ayashike: asiiguse dhahabu ya mkewe wala urithi wake ila kwa ridhaa yake, kwani hiyo ni mali yake mwenyewe, akikopa kwake, deni liandikwe kama yaandikwavyo madeni mengine, na asione haya kupokea zaka na sadaka kwa ajili ya matibabu, ikiwa kweli ni fakiri au maskini.

MASALA YA PILI: UGONJWA SI UASI

Mke aliyeanza dawa huenda asiweze kupika, wala kufua, wala kulala na mumewe. Hukumu ni kuwa nafaka yake haikatiki kwa maradhi, wala haitwi muasi kwa udhuru alioletewa na Mola wake.

Na mwenye wake wawili au zaidi na ajue ya kuwa mgonjwa ana zamu yake kama mzima. Maana ya zamu ni kuliwazana na kukaa pamoja, si kujamiiana tu. Mume ahamiaye kwa mke mwengine kwa kuwa nyumba ya huyu ina harufu ya dawa, amedhulumu.

Je, yafaa kinyume chake, azidishe masiku kwa mgonjwa? Yafaa kwa idhini ya wenziwe. Mtume (S.A.W.) alipozidiwa na maradhi aliwaomba wakeze ruhusa auguzwe nyumbani kwa Bibi Aisha, wakamruhusu. Ikiwa yeye aliomba, ni nani asiyepaswa kuomba? Na ikiwa mgonjwa hana kabisa mtu wa kumwuguza, mume ana ruhusa ya kukaa naye, kisha atawalipa wengine masiku yao akipona. Na mke mwenza aliyeitoa zamu yake kwa ajili ya mgonjwa amefanya hisani kubwa, naye ana kiigizo katika Bibi Sauda aliyempa Bibi Aisha zamu yake.

MASALA YA TATU: KUMWAMBIA MGONJWA KWELI

Imekuwa ada kwa watu wengi wa pwani kulificha jina la maradhi haya. Daktari humwita mume faraghani, mume huwaambia ndugu, ndugu huwaambia majirani, na mwenye mwili akawa wa mwisho kujua. Nia yao ni huruma, lakini matokeo yake ni kuwa mgonjwa hutiwa dawa kali asiyojua ni ya nini, na anapotapika hudhani ndiyo anakufa, akaikimbia hospitali.

Mwili ni wake, na shauri ni lake kwanza. Mtume (S.A.W.) katika maradhi yake ya mwisho alitiliwa dawa pembeni mwa kinywa hali ameashiria asitiliwe, alipopata nafuu aliwalaumu waliofanya hivyo. Hapa pana dalili kuwa mgonjwa mwenye akili zake hatiliwi dawa kwa nguvu. Basi mume na amwambie mkewe kweli kwa upole, mahali pa faragha, na ampe muda wa kulia. Asimwambie, "Utapona tu," wala asimwambie, "Ndiyo mwisho," kwani yote mawili ni ghaibu. Na amkumbushe kuwa mabedui walipomwuliza Mtume kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee.

MASALA YA NNE: AYAJUE MUUGUZAJI KABLA YA DAWA YA KWANZA

Elimu ya jambo hutangulia kulitenda. Mume na aende pamoja na mkewe kwa daktari siku ya kwanza, achukue daftari, na aandike: jina la dawa, tarehe ya duru ya kwanza na ya pili, na mahali pa kwenda likizuka jambo usiku.

Dawa za saratani zitiwazo katika mshipa, ziitwazo kemotherapia, hutolewa kwa duru, aghlabu kila baada ya wiki 2 au 3. Kazi yake ni kuua chembe zizaazo kwa haraka. Saratani ni katika chembe hizo. Lakini mizizi ya nywele, ngozi ya ndani ya kinywa na matumbo, na uboho uzalishao damu, navyo pia huzaa kwa haraka. Kwa hiyo nywele hunyonyoka, kinywa hufanya vidonda, tumbo huchafuka, na damu hupungua. Ajuaye sababu hii hatadhani mkewe amerogwa.

Ama mionzi, aghlabu hupigwa siku 5 za kila wiki. Kwa saratani ya shingo ya kizazi muda wake ni wiki 5 hivi, kisha hufuata mionzi ya ndani. Mgonjwa wa Unguja au wa mikoani apelekwaye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sharia mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, anahitaji mahali pa kukaa kwa muda huo wote. Nauli ya kwenda na kurudi haitoshi. Jambo hili lipangwe mapema, pamoja na atakayebaki na watoto.

Na hatari iliyo kubwa kuliko zote ni homa. Baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua mno. Joto la mwili likifika daraja 38 au zaidi, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku. Asipewe dawa ya kutuliza homa akangojewa asubuhi, kwani homa itajificha na ugonjwa utaendelea. Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo. Mume na akinunue kabla ya duru ya kwanza. Wageni wenye mafua wazuiliwe mlangoni kwa adabu. Kumzuru mgonjwa ni sunna, na kutomdhuru ni wajibu.

Chakula kiive vyema, matunda yaoshwe, maji yachemshwe. Asiyeweza kula wali apewe uji mwepesi kidogo kidogo. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamrisha mgonjwa afanyiwe talbina, nao ni uji wa unga wa shayiri, kwa kuwa Mtume ameusifu kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa. Wala asishurutishwe kumaliza bakuli.

Kwa siku 2 baada ya dawa, mabaki yake hutoka katika matapishi na mkojo. Asafishaye na avae mipira ya mikono. Sharia nayo imekwisha kututangulia hapo, kwani matapishi ni najisi kwetu, na mahali pake hapana budi pakaoshwa.

Na mume ajihadhari mkewe asishike mimba wakati wa dawa, kwani dawa hizi humdhuru mtoto tumboni. Kuzuia mimba kwa muda kwa sababu kama hii kunajuzu. Namna yake waulizwe madaktari, na waulizwe na mume na mke pamoja.

MASALA YA TANO: NYWELE NA STARA

Mwenyezi Mungu amemfananisha kila mmoja katika mume na mke na nguo ya mwenziwe. Nguo husitiri aibu, na huugusa mwili kuliko kitu chochote. Aghlabu nywele huanza kunyonyoka baada ya wiki 2 hadi 4. Mke huamka akaziona juu ya mto, na hilo huwaumiza wengi kuliko sindano. Mume asicheke, asishangae, wala asiwaite watu waje watazame. Na amwambie kuwa aghlabu nywele huota tena dawa zikimalizika.

Yaulizwa: Je, yafaa avae nywele za bandia? Jawabu: Kuunganisha nywele za binadamu ni haramu. Mwanamke mmoja alimwuliza Mtume juu ya binti yake aliyenyonyoka nywele kwa maradhi, naye akakataza kuunganisha. Ama zisizokuwa za binadamu, nazo ni tohara, kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ni kuwa yajuzu kwa mwenye mume akipewa idhini na mumewe. Basi mume asiifanye idhini hii kuwa kitu cha kuombwa mara mbili. Na ambaye moyo wake umetulia kwa ushungi na kilemba tu, hilo ni jema.

MASALA YA SITA: IBADA YA MGONJWA NA MSAADA WA MWENZIWE

Mgonjwa husali kusimama, asipoweza, kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Penye plasta ya sindano ambayo daktari amekataza kuibandua, hukosha sehemu iliyo nzima, hupangusa juu ya plasta, na hutayamamu. Kukusanya sala mbili kwa maradhi hakumo katika kauli iliyo mashuhuri ya madhehebu, lakini Imamu Nawawi ameipa nguvu kauli ya kujuzu kwake. Basi mgonjwa aliyetaabika asitiwe dhiki.

Katika Ramadhani, daktari mwaminifu akisema saumu itamdhuru, huila, bali si halali kwake kujidhuru. Atalipa akipona. Na asiye na taraji ya kupona hutoa kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku. Mume na amwambie haya mapema, kwani wanawake wengi wachamungu hufunga kwa siri kwa kuogopa dhambi.

Na iko masala ambayo waume wengi husahau. Kwetu sisi Mashafi, ngozi ya mume na ya mke zikigusana, udhu wa wote wawili huvunjika. Basi mume amtawadhishaye mkewe na avae mipira ya mikono, au ashike kwa kitambaa. Ikiwa hilo ni zito, kwa kuwa hana budi kumshika na kumwinua kila saa, ana ruhusa ya kufuata kauli ya Imamu Abu Hanifa, ambaye kwake kugusa huko hakuvunji udhu. Dini ni nyepesi, na kheri ni kumshika mgonjwa asianguke.

MASALA YA SABA: KOMBE NA DAWA ZA MITI

Kusoma Kurani juu ya mgonjwa na kumwombea ni sunna. Na mwenye kumwandikia kombe na aliandike kwa zafarani safi, na alioshe kwa maji yaliyochemshwa, kwani maji mabichi katika siku za upungufu wa damu huweza kuleta maradhi yaliyo hatari. Kadhalika habasoda, asali na mizizi: mume asimpe mkewe kitu kwa siri ya daktari, kwani ziko dawa za miti zipunguzazo nguvu ya dawa ya hospitali, na ziko ziizidishazo hata ikawa sumu. Ama amwambiaye mgonjwa, "Acha hospitali, unywe hii tu," huyo akimbiwe, hata akiwa na kilemba kikubwa. Dua na dawa hazigombani. Agombanishaye baina yake hakufahamu mojawapo.

MASALA YA NANE: MKE AKIMWUGUZA MUME

Yote yaliyotangulia katika upole, ukweli, homa na usafi yanamhusu mke pia. Anayo na la ziada: mume mgonjwa mara nyingi huona haya kuhudumiwa, akawa mkali wa maneno. Mke na alichukulie hilo kuwa ni ndimi ya maradhi, lakini haimpasi kupigwa wala kutukanwa, na jamaa za mume hawana ruhusa ya kumwachia mzigo peke yake, kisha wakaja kumhisabia makosa. Kumwuguza kaka yao ni juu yao pia.

Na mke mwenye mali yake ana mlango wa thawabu mbili. Zaynab, mke wa Abdallah bin Masud, aliuliza juu ya kumpa sadaka mumewe fakiri, akaambiwa kuwa ana ujira wa udugu na ujira wa sadaka. Kwa hadithi hii Mashafi wamejuzisha mke kumpa mumewe fakiri zaka ya mali yake.

KHATIMA

Muuguzaji naye ni mwanadamu. Atachoka, na huenda siku moja akasema neno la ukali. Na aombe msamaha siku ile ile, alale, na amwite ndugu ashike zamu. Kupokezana si kumtupa mgonjwa. Na majirani wajue kuwa sufuria ya uji iletwayo asubuhi, au mtoto achukuliwaye chuoni akarudishwa salama, ni bora kwa nyumba ile kuliko kikao kirefu cha kuuliza, "Madaktari wamesemaje?"

Ewe Mola wetu, waponyeshe wagonjwa wetu, wape subira wenye kuwauguza, uwarehemu waliotangulia, na utujaalie tuwe nguo njema kwa wenzetu katika afya na katika maradhi. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.